Tuchore, Lakini Kwanza Tuulize

Ukiingia katika zahanati nyingi za hapa kwetu utakuta kuta zimejaa picha. Kuna mama anayenyonyesha, kuna mikono inayonawa chini ya bomba, kuna mtoto anayenyweshwa kwa kikombe, kuna mbu aliyechorwa mkubwa kuliko kuku. Nyingine zimekaa ukutani miaka mingi hata rangi zimepauka. Akina mama huketi chini yake wakingoja zamu yao, mtoto mgongoni na kadi mkononi. Lakini ni mara chache sana mtu humgeukia mmoja wao na kumwuliza: "Mama, katika picha ile unaona nini?"

Haulizwi kwa sababu wengi tunaamini kwamba picha haihitaji maelezo. Maandishi, tunasema, ni ya wasomi, bali picha huelewa kila mtu, mkubwa na mdogo, aliyesoma na asiyesoma. Katika ukurasa huu tunapenda kusema wazi kwamba imani hiyo si ya kweli, na kwamba katika mambo ya afya ni imani ya hatari.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba picha hazifai. Tunasema kwamba mchoro mwepesi, wa mistari michache, ni chombo bora sana cha kufundishia afya, tena mara nyingi hushinda picha ya rangi iliyogharimu fedha nyingi. Lakini mchoro haujakamilika siku mchoraji anapoweka kalamu chini. Hukamilika siku yule aliyechorewa anaposema kwa kinywa chake mwenyewe anachokiona, na kikawa ndicho kilichokusudiwa.

FUVU AMBALO HALIKUSOMEKA

Mwishoni mwa mwaka 1971 nchi ya Iraki ilipokea shehena kubwa ya mbegu za nafaka, nyingi zikiwa ngano kutoka Meksiko, ili kuwasaidia wakulima baada ya ukame. Mbegu hizo zilikuwa zimepakwa dawa yenye zebaki ya kuzuia ukungu, pamoja na rangi nyekundu ya kuonyesha kwamba zimetiwa dawa. Zilikuwa mbegu za kupanda, si chakula. Magunia yaliandikwa onyo kwa Kihispania na Kiingereza, na yakachorwa fuvu la kichwa na mifupa.

Wakulima wa vijijini huko husema Kiarabu, na wengi wakati ule hawakujua kusoma lugha yoyote. Fuvu lile halikuwa na maana kwao. Sehemu nyingi mbegu zilifika wakati msimu wa kupanda umekwisha kupita. Familia zikasaga ngano, zikaoka mikate, zikala. Wako waliozioshea maji mpaka rangi nyekundu ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Haikutoka. Tena sumu ya zebaki haijionyeshi siku hiyo hiyo. Hukaa wiki kadhaa mwilini, ndipo mtu huanza kufa ganzi, kuyumba anapotembea, kupoteza macho na masikio. Kwa hesabu iliyoandikwa, watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafia humo. Waliofia majumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Ndugu msomaji, aliyechora fuvu lile alijua vema alichotaka kusema. Kwake yeye, na kwa watu wa shule yake, fuvu ni sumu, na sumu ni kifo. Lakini mtu ambaye hakufundishwa ataona kichwa cha mfu tu, au alama ya kampuni, au urembo wa gunia. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo wasemavyo wahenga. Picha ilikuwapo, macho yalikuwapo, ila maana haikuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

PICHA NAYO INA LUGHA YAKE

Tunaosoma magazeti tangu utotoni tumesahau kwamba kusoma picha tulijifunza. Hebu tuangalie mifano michache ambayo iko karibu nasi.

Kwanza ni mwezi. Juu ya bahasha ya dawa huchorwa jua na mwezi mwandamo, maana yake kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Lakini katika Kiswahili chetu mwezi ni ule wa angani, na mwezi ni zile siku thelathini vilevile. Mgonjwa anaweza kuondoka dirishani akidhani dawa ile ni ya mwezi mzima. Wala hatuwezi kumlaumu, maana amesoma kilichochorwa, na amekisoma kwa lugha yake mwenyewe.

Pili ni saa. Mwingine huchora uso wa saa ili kuonyesha wakati wa kunywa dawa. Sisi saa mbili asubuhi mshale mfupi unaelekea kwenye 8. Aliyezoea saa ya mkononi hugeuza hesabu bila kufikiri. Asiyezoea atasoma saa nane, na dawa ya asubuhi itanywewa baada ya chakula cha mchana.

Tatu ni mshale. Kwa aliyekaa darasani, mshale maana yake ni "kutoka hapa kwenda pale". Kwa mzee ambaye hakukaa darasani, mshale ni silaha ya mwindaji. Ukichora mshale kutoka chooni kwenda kwenye sahani ya chakula, huenda akajiuliza ni nani anayewindwa.

Nne ni ukubwa. Waelimishaji wa afya husimulia tangu zamani kisa cha watu walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye bango, wakafundishwa madhara yake, nao wakajibu kwa adabu kwamba wanashukuru Mungu kwao hakuna mbu wakubwa namna ile, wako wadogo tu. Mchoraji alimkuza mbu ili aonekane vizuri. Mtazamaji hakuambiwa kwamba amekuzwa.

Tano ni kiungo kilichokatwa. Mchoraji anachora mkono peke yake, au kichwa peke yake, ili tuangalie pale tu. Kuna watakaouliza: "Huyu mtu amepatwa na nini? Mwili wake uko wapi?"

Sita ni mpangilio. Picha tatu zimewekwa mstari mmoja: mtoto mgonjwa, mtoto anakunywa dawa, mtoto anacheza. Sisi tunaanza kushoto. Lakini aliyejifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani yetu, amezoea kuanza kulia. Yeye ataona mtoto anayecheza, akapewa dawa, akaugua. Na asiyesoma kabisa anaweza kuanza katikati, kwenye picha iliyomvutia.

Mifano hii haimaanishi kwamba watu wetu hawana akili. Wako wazee wasioijua herufi moja, lakini huyasoma mawingu, nyayo za wanyama na rangi ya udongo kuliko daktari yeyote wa mjini. Kila mtu husoma alichofundishwa kusoma. Kazi ya kukutana naye hapo alipo ni ya mchoraji.

TUMEKWISHA KUZIZOEA HADITHI ZA PICHA

Baada ya hayo, pengine mtu atasema: basi tuache michoro, tuhubiri kwa maneno tu. La hasha. Watu wetu wanazipenda hadithi za picha na wamezizoea. Wasomaji wa Tanzania wa rika fulani wanaikumbuka katuni ya Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na waliomfuata Madenge na Lodi Lofa katika jarida la Sani hawakuhitaji mwalimu. Mistari michache ya wino, tumbo kubwa, kofia iliyokaa upande, na kila mtu alimtambua jirani yake.

Na ndani ya makanisa yetu kuna hadithi ya picha ambayo kila mtoto wa parokia anaijua: Njia ya Msalaba. Tuitazame kwa jicho la mwalimu wa afya, maana ina mafundisho manne. Ina vituo 14, na kila kituo kina tendo moja tu. Mhusika mkuu ni yule yule, nasi tunamtambua mara moja katika kila picha. Vituo vina namba, na watu huvifuata kwa miguu, kimoja baada ya kingine, kwa hiyo hakuna anayeanza mwisho. Tena picha hazikuachwa zijisemee zenyewe: yupo anayesoma kwa sauti, na watu wanaitikia. Anayetaka kuchora hadithi ya afya hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Duniani nako wako waliofanya kazi hii vizuri. Mmarekani David Werner alikuwa mwalimu wa biolojia. Alipokwenda kukaa na wakulima wa milimani magharibi mwa Meksiko, alikuta watu walio mbali na hospitali. Aliandika kwa ajili yao kitabu kilichojaa michoro ya mistari, kikatoka kwa Kihispania mwaka 1973. Kitabu hicho kimetafsiriwa katika lugha nyingi, nasi tunakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Ukifungua kurasa zake huoni picha za kupendeza za kupamba ukuta. Unaona mtu anayefinya ngozi ya tumbo la mtoto, unaona jinsi ya kushika mguu uliovunjika. Kila mstari una kazi, na mstari usio na kazi haumo.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mchoro mwepesi. Picha ya kamera huchukua kila kitu: kuku aliyepita, sufuria, nguo zilizoanikwa, maandishi ya kanga. Mtazamaji anaweza kukaa nayo muda mrefu akiisoma kanga, asiuone mkono unaonawa. Mchoro huacha yote yasiyohitajika na kubakiza lile moja.

HADITHI YA KUHARA KATIKA PICHA SITA

Tuchukue ugonjwa mmoja tuone kazi inavyokwenda. Kuharisha bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watoto 400,000 kila mwaka duniani kote. Wengi wao hufa kwa sababu maji na chumvi za mwili vimekwisha, na dawa ya kuvirudisha ni rahisi na iko karibu. Hadithi yake inaweza kuchorwa kwenye karatasi sita za manila, picha moja kwa kila karatasi.

Picha ya kwanza: mama na mtoto anayehara. Ya pili: mama anatia pakiti ya ORS kwenye chombo cha maji safi. Ya tatu: mama anamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kikombe, na bado anamnyonyesha. Ya nne: mtoto amelegea, macho yamezama, hawezi kunywa. Ya tano: baba na mama wako njiani kwenda zahanati, na kikombe wamekishika, wakiendelea kumnywesha kama bado anaweza kumeza. Ya sita: mtoto anacheza, na nyumba nzima inanawa mikono karibu na choo.

Mama huyo avae kanga ile ile katika picha zote sita, ili asidhaniwe kuwa wanawake sita mbalimbali. Baba naye awemo, maana tukichora mama peke yake tunafundisha pia kwamba mtoto mgonjwa ni kazi ya mama peke yake. Nyumba iwe kama nyumba zetu, na watu wawe watu wenye heshima. Hakuna anayependa kujiona amechorwa mchafu na mjinga, na aliyetukanwa na picha hasikilizi mafundisho yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo mchoro hauwezi kulifanya, nalo ni kipimo. Chupa iliyochorwa haina ujazo. Inaweza kuwa ya nusu lita, ya lita moja au ya lita moja na nusu. Kijiko kilichochorwa kinaweza kuwa cha chai au cha chakula. Kwa ORS, pakiti moja ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji, au kama pakiti yenyewe inavyoagiza. Pakiti inapokosekana, mchanganyiko wa nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kwa hiyo hapa karatasi iwekwe pembeni. Ilete chupa yenyewe, kilete kijiko chenyewe, na akina mama wachanganye kwa mikono yao mbele ya mwalimu. Mchoro utawakumbusha la kufanya, na kipimo wataonyeshwa kwa vitu vyenyewe.

Tukumbushe pia dalili za kukimbilia kituo cha afya bila kungoja: damu katika choo, mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au kunyonya, aliyelegea au kulala usingizi usio wa kawaida, mwenye macho yaliyozama, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Huko atapewa pia dawa ya zinki ya siku 10 hadi 14, nayo imalizwe hata kama kuhara kumekoma.

KUULIZA SI UJINGA

Sasa tumekwisha kuchora. Je, tubandike? Bado. Kwanza tuulize, na kuuliza kwenyewe kuna namna yake.

1. Usiulize "Umeelewa?" Kwetu sisi mtu mwenye adabu akiulizwa hivyo atajibu "Ndiyo", asije akamwaibisha mgeni au akajiaibisha mwenyewe. Uliza: "Hapa unaona nini? Huyu anafanya nini? Baada ya hapa kutatokea nini? Ingekuwa ni nyumbani kwako, ungefanya nini?"

2. Uliza mmoja mmoja. Katika kundi, akishajibu mwenyekiti au mtu aliyesoma, wengine wote humfuata.

3. Waulize wale hasa waliochorewa. Mchoro wa mama wajawazito waulizwe mama wajawazito, si katekista wala mwalimu mkuu.

4. Usimcheke mtu, wala usimsahihishe. Akisema mshale ni mkuki, shukuru na uandike. Amekupa fundisho ambalo hungelipata kwa fedha.

5. Kama katika watu kumi watatu wameona kitu kingine, chora upya, kisha uliza tena watu wengine.

Pengine utasema huu ni usumbufu mwingi kwa karatasi moja. Basi fahamu kwamba hata wakubwa wa dunia hufanya hivyo. Alama ya zamani ya mionzi, ile yenye mabawa matatu, watu wengi hawakuielewa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipotaka alama mpya ya onyo, michoro ilijaribiwa kwa watu 1,650 wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, kabla ya alama hiyo kutangazwa mwaka 2007. Ikiwa wataalamu wa atomu wanauliza watu 1,650, parokia inaweza kuuliza watu kumi.

Na kuuliza kuna faida nyingine. Mwaka 1993 Kenya, Uganda, Zimbabwe na Botswana zilianza kujaribu njia ya kufundisha usafi inayojulikana kwa jina la PHAST. Katika njia hii mwalimu hahubiri. Wanakijiji hupewa michoro mingi isiyo na maneno: mtu anajisaidia kichakani, nzi juu ya chakula, mama anateka maji mtoni, choo chenye mfuniko. Wao wenyewe huipanga katika mafungu matatu, yaliyo mema, yaliyo mabaya, na yaliyo katikati. Kisha huipanga tena kuonyesha jinsi kinyesi kinavyosafiri mpaka kinywani, kwa njia ya vidole, nzi, maji, udongo na chakula. Hubishana, huhamisha karatasi, huulizana. Mwisho wa siku hakuna anayesema "mtaalamu katuambia tuchimbe choo". Wanasema "sisi tumeona". Aliyeona mwenyewe huchimba.

Jambo hili si geni kwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia Watanzania wapatao milioni 2 kwa redio na vitabu. Lakini nguvu yake ilikuwa katika vikundi vilivyokaa chini kusikiliza, kuzungumza na kuamua la kufanya. Picha nayo huhitaji kikundi chake.

"LAKINI SISI SI WACHORAJI"

Hiyo ndiyo sababu tunayoisikia mara nyingi. Tunajibu: mtu anayeweza kuandika jina lake anaweza kuchora mtu. Kichwa ni duara, mwili ni mstari, mikono ni mistari miwili, miguu miwili. Ukimkunja kiuno ameinama, ukimtia mtoto mgongoni ni mama, ukimtia fimbo ni mzee. Kama mistari mitupu inawafanya watu waonekane mifupa, wavishe gauni, kanzu au kaptula. Zaidi ya hayo, watoto wetu wa shule huchora vizuri kuliko sisi wazazi wao, na hawaoni haya. Wapeni mkaa na upande safi wa boksi, wawaulize bibi zao wanaona nini. Katika kazi hiyo mtoto na bibi wote wawili watajifunza.

Wengine husema michoro ni ya watoto na ya wasiosoma, na siku hizi watu wamesoma na wana simu. Tunawaomba wafikiri. Abiria wa ndege, wenye elimu zao, huwekewa mbele yao kadi ya michoro inayoonyesha mlango wa dharura ulipo, kwa sababu mtu mwenye hofu hasomi aya ndefu. Mama ambaye mtoto wake ana homa kali usiku wa manane naye ni mtu mwenye hofu, hata kama ana shahada. Tanzania ilipobadilisha matibabu ya malaria mwaka 2006 na kuingiza dawa mseto, pakiti zake zilitolewa kwa uzito wa mgonjwa na zikiwa na michoro, ili hata aliyesoma asikosee vidonge. Na kuhusu simu, ni kweli kwamba siku hizi michoro ya afya huingia nyumbani kila siku kwa njia hiyo. Nyingi haijulikani imechorwa na nani, na hakuna aliyewauliza watu wanaona nini. Kwa sababu hiyo haja ya kuuliza imeongezeka.

TUANZIE WAPI?

Tuanze nyumbani. Mkipewa dawa dirishani, msiondoke na bahasha iliyoandikwa "1x3" kama haijaeleweka. Mwambieni mhudumu maneno yenu: "Nitampa kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kwa siku tano, ndivyo?" Akikubali, chorani wenyewe juu ya bahasha alama ambazo nyumba yenu inazielewa. Jogoo anayewika anaweza kuwa asubuhi, sufuria jikoni ikawa mchana, mtu aliyelala kitandani akawa usiku. Kisha mwulizeni yule atakayebaki na mgonjwa, awe bibi au dada mkubwa: "Hapa unaona nini?"

Pili, sumu. Tusitie mafuta ya taa wala dawa za mifugo na za mashamba katika chupa za soda au za maji. Chupa ya soda nayo ni picha, na mtoto ameshaisoma: ni kitu kitamu. Hakuna fuvu tutakalolichora juu yake litakaloshinda alichokwisha kukiona. Sumu ikae katika chombo chake, juu, kwenye kufuli. Na watoto wafundishwe maana ya fuvu, maana hawakuzaliwa nayo.

Tatu, katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Kila jumuiya ichague jambo moja la afya linaloisumbua: kuhara, chandarua kisichotumika, mjamzito anayechelewa kliniki. Ichore hadithi yake katika picha nne au sita, na iwaulize watu kumi kabla ya kuipeleka mbele ya wengine. Gharama yake ni karatasi za manila na kalamu moja ya wino mzito.

Nne, tunawaomba wahudumu wa zahanati, hasa zile zilizo chini ya parokia zetu, watenge asubuhi moja. Wazunguke na akina mama walio kwenye benchi, wakiuliza picha moja baada ya nyingine. Ile inayoeleweka ibaki. Ile isiyoeleweka ishushwe, hata kama ni nzuri, hata kama ilitoka mbali kwa gharama kubwa. Ukuta wenye picha tatu zinazosomeka unalinda watoto wengi kuliko ukuta uliojaa mapambo.

Wazazi wapendwa, kalamu na karatasi tunavyo. Masikio ya kusikiliza jibu tunayo pia. Tuvitumie vyote viwili pamoja, mkono uchore na sikio lisikie, ili mafundisho ya afya yatoke ukutani yaingie nyumbani, na watoto wetu wakue.